Maswali ya Wasomaji: Utazijuaje Rimu za Kiwandani za Gari la Spoti la Zamani?

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: rimu zilizo kwenye gari la zamani ndizo lililotoka nazo kiwandani, au zimeletwa baadaye? Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa kuwa njia ya ukaguzi iliyomo inafaa kwa karibu kila gari.

Ndugu wahariri, nimenunua Porsche 911 S ya mwaka 1972 yenye rimu za Fuchs. Muuzaji ameniapia kwamba ni zake za tangu mwanzo. Fundi wangu anasema mbili zinang'aa kupita kiasi, na moja ya nyuma anaiona pana kuliko mwenzake. Nianzie wapi?

Anzia mgongoni. Uso wa rimu hupakwa rangi, hung'arishwa na kukwaruliwa, lakini mgongo watu huusahau, na maandishi karibu yote yako huko. Vua magurudumu yote, la akiba likiwemo, na kila moja uliandike kwa chaki limetoka kona ipi. Osha mgongo kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi ya nailoni. Vumbi la breki likigoma, tumia mafuta ya taa na subira. Usiguse brashi ya waya, na dawa yoyote yenye kostiki soda iweke mbali, maana inakula alumini na itakufutia ushahidi unaoutafuta.

Sasa ilaze tochi ubavuni mwa rimu, mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari. Ukimulika moja kwa moja, herufi zilizojaa rangi hazionekani. Unatafuta alama ya Otto Fuchs, kiwanda cha Meinerzhagen, Ujerumani, kilichofua rimu hizi, yaani kuziunda kwa kugandamiza metali. Ukubwa, mfano 6Jx15, yaani upana inchi 6 na kipenyo inchi 15. Namba ya kipuri. Na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Herufi zikiwa hafifu, sugua chaki juu yake kisha pangusa kwa kiganja: unga utabaki ndani ya mihuri.

Tarehe ndiyo yenye kauli ya mwisho. Rimu hutengenezwa kabla ya gari, husafirishwa, huwekwa stoo, ndipo hufungwa. Gari lililounganishwa Machi 1972 litegemee kuwa na rimu za wiki kadhaa au miezi michache nyuma yake, na zote nne ziwe zimekaribiana. Ukikuta moja ya Agosti 1972, hiyo haikuwapo gari lilipotoka, hata kama ni Fuchs halisi isiyo na doa. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. "Halisi" maana yake imetoka Fuchs. "Ya gari hili" ni dai kubwa zaidi, na linahitaji tarehe. Tarehe ya kuunganishwa kwa gari usiikisie kutoka kwenye kadi ya usajili, kwa kuwa gari huweza kukaa miezi kabla ya kusajiliwa. Omba hati ya taarifa za gari kutoka Porsche kwa kutumia namba ya chasi.

Halafu linganisha ukubwa na mwaka. Fuchs ya kwanza ilikuja na 911 S ya modeli ya 1967, ikiwa na upana wa inchi 4.5 na kipenyo cha 15. Modeli ya 1968 ikapanda hadi 5.5, na ya 1969 hadi 6. Rimu ya inchi 7 kwa nyuma ilikuwa alama ya Carrera RS ya 1973. Kwa hiyo 911 S yako ya 1972 inatakiwa iwe na 6J kona zote nne. Ikiwa ya nyuma kweli ni pana zaidi, ama imetoka gari jingine, ama imepanuliwa.

Kupanuliwa ndiko kunakotutia wasiwasi. Zipo Fuchs za inchi 6 zilizokatwa pipa lake (mduara unaobeba tairi) na kuchomelewa mkanda wa alumini ili ziwe 7 au 8. Muhuri unabaki 6J, mdomo unakuwa mpana. Toa tairi, pitisha ukucha ndani ya pipa, mzunguko mzima. Ukihisi tuta jembamba au mstari wa msasa unaozunguka, hapo pana mchomeleo. Alumini iliyofuliwa hupoteza ugumu wake pembeni mwa mchomeleo kwa sababu ya joto, na ufa huanzia papo hapo. Hatuishauri kwa gari la barabarani.

Katika kupima upana, makosa ni mengi. Herufi J na tarakimu yake huhesabu nafasi ya ndani, pale tairi linapokalia, si kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Inchi 6 ni milimita 152. Ukipima nje kwa nje utapata karibu 177, kwa kuwa kingo mbili huongeza takriban inchi moja. Wapo wanaopima nje na kutangaza "inchi 7" kwa nia njema kabisa.

Ukishapata upana, pima ofuseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso unaogusa habu, kipande cha gari kinachobeba gurudumu. Lalisha rimu kifudifudi juu ya blanketi. Weka rula ya chuma iliyonyooka ikatize mgongo, kutoka ukingo hadi ukingo. Pima kushuka chini hadi kwenye uso unaokaa juu ya habu. Toa nusu ya upana wa nje. Kwa 6J ya kiwandani unatakiwa upate kama milimita 124.5 za kushuka, ukitoa 88.5 inabaki 36, na hiyo 36 ndiyo ofuseti ya Fuchs ya 6x15. Rimu za 7x15 za 911 zilizotangulia zilikuwa na 49, lakini zile za magari ya 1974 na kuendelea zina 23.3. Zinafanana usoni, zina upana mmoja, ila ukizifunga kwenye gari lako za pili zitasogea nje zaidi ya milimita 25 na kugusa ukingo wa bodi.

Kuhusu mng'ao: Fuchs ilitoka kiwandani ikiwa imepitishwa kwenye mchakato wa anodaizi, ambao huacha ngozi ngumu ya oksidi yenye rangi tulivu. Ngozi hiyo haipitishi umeme. Chukua mita ya umeme, iweke kwenye kipimo cha mwendelezo, kile chenye mlio, gusa kwa wepesi sehemu mbili zisizo na rangi wala mikwaruzo. Mita ikikaa kimya, ngozi bado ipo. Ikilia, mtu ameshaiondoa na kuing'arisha alumini tupu. Usikandamize ncha za mita, zitatoboa. Rimu mbili zako zinazong'aa kama kioo hadi kwenye majani yake (mikono ya rimu) huenda ni halisi, ila zimeshakwanguliwa, na kitu kilichokwanguliwa hakirudi kuwa cha kiwandani kwa kupakwa nta.

Nakala nazo? Nyingi zimesubiwa, yaani metali iliyoyeyuka imemiminwa kwenye kalibu, si kufuliwa. Sehemu za mgongo ambazo hazikupita kwenye mashine huonyesha vinyweleo na ukwaru wa kalibu, na majani huwa manene. Ukizipima kwenye mizani, iliyosubiwa huizidi uzito iliyofuliwa ya ukubwa uleule. Ikiwa tatu zinalingana na ya nne inazidi, anzia hiyo. Herufi JWL ni alama ya kiwango cha Kijapani cha rimu za alumini. KBA ikifuatwa na tarakimu ni kibali cha Ujerumani ambacho kwa kawaida hupewa rimu zinazouzwa madukani, nje ya kiwanda cha gari. Ukikuta mojawapo, hiyo si Fuchs ya 1972.

Mwisho angalia matundu ya nati. Porsche hutumia nati yenye kitako cha mviringo kama sehemu ya mpira, nusu kipenyo milimita 14. Mtu akifunga nati za kitako cha koni, zinagusa duara jembamba tu la tundu. Zitakaza vizuri mkononi, kisha zitalegea njiani na kuchimba alumini. Duara la chuma kinachong'aa, jembamba kama uzi, ndani ya tundu ni dalili kwamba hilo limeshatokea. Nati sahihi hukazwa kwa Nm (newtonimita) 130, nyuzi zikiwa safi, kwa spana yenye kipimo. Bunduki ya upepo isikaribie.

Wapendwa wahariri, Chevrolet Corvette yangu ni ya 1969, ina rimu za chuma aina ya Rally. Karibu na tundu la valvu kuna herufi. Tatu zimeandikwa AZ, moja AG. Upande wa pili wa tundu kuna K 1 9 kisha tarakimu nyingine. Zina maana gani?

Tatu zako ni za ukubwa sahihi, ya nne siyo. AZ ni rimu ya inchi 15x8, iliyoanza na Corvette ya 1969 na kuendelea hadi 1982. AG ni 15x7 ya modeli ya 1968. DC, ukikutana nayo, ni 15x6 ya 1967. Ukiwa na AG kona moja, gari lina rimu nyembamba kwa inchi nzima upande mmoja, na hilo si la kuliachia hata kama hutafuti uhalisi.

Kwenye ule mstari mwingine, K ni Kelsey-Hayes waliozitengeneza, 1 ni Chevrolet, tarakimu inayofuata ni ya mwisho ya mwaka, kisha mwezi na siku. Mtego uko kwenye mwaka: tarakimu ni moja tu, na AZ ilidumu zaidi ya muongo. Tisa huweza kuwa 1969 au 1979. Angalia mwezi na siku ukilinganisha na tarehe ya kuunganishwa gari, na uangalie kutu na tabaka za rangi kama zimezeeka pamoja kwenye rimu zote. Uso ulipakwa rangi ya fedha. Mgongo ulikuwa mweusi, ukiwa na vumbi la fedha lililopenya kwenye matundu wakati wa kupulizia. Mgongo wote ukiwa wa fedha safi, rimu imepakwa upya.

Bolti zako ni za nyuzi za inchi, 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi. Nati ya milimita isilazimishwe hapo.

Na kwa kuwa wengine wametuuliza kuhusu rimu za alumini za Corvette zenye nati moja ya katikati: katalogi ya 1963 ilizitangaza, lakini alumini yake ilikuwa na vinyweleo vilivyovujisha upepo, na wateja walianza kuzipata kwa kawaida kwenye modeli ya 1964. Corvette ya 1963 inayouzwa kwa dai kwamba ilitoka nazo inahitaji karatasi nzito. Za modeli ya 1967, zenye nati tano zilizofichwa na kofia, zilikuwa za mwaka huo mmoja na zimenakiliwa kwa wingi; tafuta muhuri wa Kelsey-Hayes na umbile la kusubu mgongoni kabla hujatoa fedha.

Muuzaji yuko mbali na anataka malipo ya awali. Nimwombe picha zipi?

Mgongo mzima wa kila rimu, picha moja moja, si nne zimepangwa pamoja. Kila muhuri kwa karibu, tochi ikiwa ubavuni, na kikaratasi chenye tarehe ya leo na jina lako kikionekana. Matundu ya nati. Ndani ya pipa tairi likiwa limetolewa. Rula ikikatiza mgongo. Akikataa kutoa tairi, ana haki yake, lakini nawe taja bei ya rimu ambayo hujaiona ndani, na malipo ya awali yasubiri.

Nina Jaguar E-Type yenye magurudumu ya spoku yaliyopakwa kromu. Nikikanyaga mafuta nikitoka, nasikia "tak" kutoka nyuma. Je, ni spoku? Na nitajuaje kama rimu ni za kiwandani?

Mlio kwanza, kwa sababu ni suala la usalama. Gurudumu la spoku la E-Type halishikwi na nati nyingi. Linaingia kwenye meno ya habu, kisha nati moja kubwa inalisukuma kwenye koni. Meno ya habu au ya gurudumu yakiliwa, gurudumu hucheza kidogo kila nguvu inapobadili mwelekeo, na ndiyo "tak" hiyo.

Inua nyuma ya gari, weka stendi, mtu akanyage breki. Shika tairi ulizungushe mbele na nyuma. Lakini breki za nyuma za E-Type ziko ndani, kando ya difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), wala haziko kwenye habu. Kwa hiyo mchezo utakaousikia unaweza kutoka kwenye joint za msalaba za shafti. Usiamini mkono pekee: chora mstari wa chaki unaotoka kwenye habu hadi kwenye gurudumu, upande wa ndani, na mwenzako autazame huku ukizungusha. Mstari ukikatika, ni meno. Ukibaki mmoja, tafuta kwenye joint. Meno yenye afya yana kilele bapa. Yaliyoliwa huchongoka kama msumeno. Gurudumu jipya juu ya habu iliyoliwa litaliwa haraka vilevile, kwa hiyo badilisha vyote viwili.

Kagua na nati. Upande wa kushoto wa gari nyuzi ni za kawaida, kulia ni za kinyume, ili mwendo uzidi kukaza badala ya kulegeza. Nati zimeandikwa upande wake pamoja na mshale wa kufungulia. Mtu aliyewahi kutenganisha habu akazirudisha kinyume ametengeneza gurudumu linalojifungua lenyewe. Paka grisi kwenye meno, nyuzi na koni zote mbili, kaza kwa nyundo ya shaba au risasi, kisha rudia kukaza baada ya safari fupi.

Sasa uhalisi. Weka mkanda wa karatasi penye tundu la valvu ndipo uhesabu spoku. E-Type ina 72. (MGB, gari jingine la spoti la Kiingereza, ina 60 ikiwa ya kiwandani, na MGA za mwanzo zilikuwa na 48, kwa hiyo MGB yenye 72 imebadilishiwa baadaye, hata kama zinapendeza.) Rimu ya inchi 15 yenye upana wa 5 na muhuri wa Dunlop ndiyo ya kutafutwa kwenye E-Type. Tazama pia kitovu cha gurudumu: za mwanzo zina mkunjo wa mawimbi spoku zinapoingilia, zilizofuata zina kitovu laini kilicho rahisi kusafisha. Kitovu laini kwenye gari la 1962 kimekuja baadaye. Nati zenye masikio mawili nazo zilikuja kuachwa, zikaingia zisizo na masikio, hasa kwa ajili ya sheria za usalama za Marekani.

Gonga kila spoku kwa kijiti cha chuma. Zenye mvuto sawa hulia sauti moja. Iliyolegea hutoa sauti ya mfu. Zikizidi tatu au nne zilizofuatana, usizikaze mwenyewe ukiwa umeacha tairi: ncha ya spoku itachomoza na kutoboa mpira wa ndani. Na mpira wa ndani uwepo, kwa kuwa kila spoku ni tundu la kupitishia upepo.

Nimeambiwa rimu zangu za Campagnolo ni za magnesi, si alumini. Nitahakikishaje? Na ninataka kuzipaka rangi ya poda ili zipendeze.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwangua sehemu ndogo ya mgongoni isiyoonekana hadi ifike kwenye metali tupu, dondoshea siki. Magnesi itatoa vipovu papo hapo, alumini itatulia. Suuza kwa maji, kausha, na ufunike mkwaruzo kwa praima siku hiyohiyo. Uzito pia utakuambia: magnesi ina gramu 1.74 kwa sentimita moja ya ujazo, alumini 2.70. Campagnolo walisubu rimu za magnesi kwa magari kama Lamborghini Miura, na Toyota 2000GT nayo ilikuwa na rimu za magnesi, kwa hiyo uliyoambiwa yanawezekana kabisa.

Rangi isubiri. Magnesi ya umri huu huliwa na unyevu chini ya rangi, na huchoka. Kabla ya lolote, ondoa rangi ya zamani kwa dawa ya kulainisha inayokubalika kwa magnesi. Usipige mchanga, kwa sababu chembe huupondaponda uso na kuziba midomo ya nyufa. Ukaguzi utakaofuata hautaona kitu. Kisha tumia rangi ya kupenya ya kufichua nyufa, ile inayouzwa kwa makopo matatu. Safisha, pulizia nyekundu, iache dakika 10 hadi 20 kama kopo linavyoelekeza, futa kwa kitambaa bila kumwagia dawa moja kwa moja, pulizia unga mweupe. Mstari mwekundu ukijitokeza kwenye shina la mkono au kuzunguka tundu la bolti, rimu hiyo imemaliza kazi ya barabarani. Nyufa zilizo ndani zaidi huonekana kwa eksirei, na kwa gari la thamani hiyo gharama yake inastahili.

Poda hatuishauri kwa magnesi wala alumini ya zamani. Hukaangwa kwenye tanuri kwa nyuzijoto 180 hadi 200 za Selsiasi, joto linaloweza kulainisha metali iliyokuwa imetibiwa kwa joto kiwandani. Tabaka lake nene pia hujaza vitako vya nati: rangi husagika, nati hulegea. Tumia praima ya epoksi na rangi ya kawaida, uso unaogusa habu na vitako vya nati ukiviziba kwa mkanda. Mihuri ya mgongoni ipake tabaka moja jembamba ili isomeke. Ukilazimika kusugua magnesi, sugua kwa msasa wa maji, kusanya tope lote likiwa bado bichi, na usiache vumbi kavu benchini. Vumbi hilo huwaka kwa cheche moja, na likishawaka maji huuchochea moto. Weka mchanga mkavu karibu kabla hujaanza.